Mzee ni Umri au ni Kazi? Uhakiki wa Vipimo vya Dini na Ustawi wa Wazee kwa Mtazamo wa Arua na Koboko

Ikisiri

Tafiti nyingi kuhusu dini na ustawi wa wazee huuliza iwapo mzee mwenye dini ana afya na utulivu kuliko asiye nayo, na mara nyingi hujibu kwamba anavyo. Makala haya yanahakiki swali lenyewe. Yanarejelea kitabu cha John Middleton kuhusu dini ya Walugbara (1960), historia ya ukimbizi wa watu wa West Nile baada ya 1979, na maneno ambayo vipimo vya kimataifa hulazimika kuyatumia vinapotafsiriwa. Hoja kuu ni kwamba katika Arua na Koboko dini humnufaisha mzee kupitia kazi aliyo nayo katika ibada zaidi ya faraja anayoipata humo. Kwa sababu hiyohiyo, mzee aliyekosa kazi, hasa mjane, anaweza kudhuriwa na imani zilezile zinazomtukuza mwenzake. Kipimo kisichowatenganisha wawili hao hutoa wastani usiomhusu yeyote kati yao.

1.0 Utangulizi

Neno mzee hubeba mambo mawili kwa pamoja. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano aliyechaguliwa na waumini wenzake huitwa mzee wa kanisa, na hakuna anayeona ajabu. Vivyo hivyo mzee wa mtaa na mzee wa baraza: wanaitwa hivyo kwa sababu ya shughuli waliyokabidhiwa, hata kama mvi hazijaanza kuota. Kilugbara nacho, lugha kubwa ya Arua, humwita mzee wa ukoo ’ba wara, yaani mtu mkubwa, na ukubwa huo si wa miaka pekee.

Serikali na watafiti, kwa upande wao, huhitaji tarehe. Sera ya Taifa ya Uganda kuhusu wazee ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mzee mtu aliyetimiza miaka 60. Ruzuku ya wazee chini ya mpango wa SAGE, ambayo ni Sh 25,000 za Uganda kwa mwezi, ilipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21 iliwekewa sharti la miaka 80 na kitambulisho cha taifa. (Kwa baadhi ya waliobatizwa utotoni, kadi ya ubatizo ndiyo karatasi ya kwanza iliyowahi kuwaandikia mwaka. Dini imewasaidia wazee kwa njia ambazo hazimo katika hojaji yoyote.) Hakuna ubaya wowote katika tarehe inapohusu kugawa fedha. Tatizo huanza pale mtafiti anapoichukua tarehe hiyo, akawakusanya wote walioivuka katika kundi moja, kisha akauliza dini imewafanyia nini.

Arua na Koboko ni mahali pazuri pa kulikagua swali hilo. Koboko ilimegwa kutoka wilaya ya Arua mwaka 2005 na inapakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine; Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Kilugbara ni lugha ya jamii ya Sudani ya Kati, ilhali Kikakwa cha Koboko ni cha tawi la Kibari katika Kiniloti, kwa hiyo majirani hawa wawili hawana nasaba ya karibu ya lugha. Baina yao kuna Kinubi, kuna Kiswahili kilicholetwa na askari na wafanyabiashara, na kuna Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na walokole wanaoishi katika ukoo mmoja, wakati mwingine katika boma moja. Hojaji inayovuka hapa salama inaweza kuvuka popote.

2.0 Magoti, macho na neno Mungu

Kipimo kimojawapo kinachotumiwa sana duniani ni faharasa ya dini ya Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, iliyotolewa na Harold Koenig na wenzake mwaka 1997. Sifa yake kubwa ni ufupi. Ina maswali matano: la kwanza huuliza mtu huhudhuria mikutano ya ibada mara ngapi, la pili huuliza mara ngapi hufanya ibada ya faragha, kama vile kusali, kutafakari au kusoma Biblia, matatu ya mwisho huuliza iwapo anahisi kuwapo kwa Mungu, iwapo imani ndiyo msingi wa mtazamo wake wa maisha, na iwapo anajitahidi kuiingiza dini katika shughuli zake zote. Kwa kipimo hiki na vinavyofanana nacho kumejengwa maktaba nzima ya tafiti, nyingi zikitoka Marekani, zinazoonyesha kwamba wahudhuriaji ibada wana afya bora na sonona kidogo.

Lakini mahudhurio hupima magoti kabla ya kupima imani. Mzee anayefika kanisani kila Jumapili ni mzee anayeweza kutembea, na anayeweza kutembea ana afya. Wataalamu wa fani hiyo wanalifahamu jambo hili na hujitahidi kulidhibiti kwa mbinu za takwimu, nao wanastahili kuheshimiwa kwa hilo. Kisichoweza kudhibitiwa kwa takwimu ni tofauti ya maana ya kuhudhuria kutoka dini moja hadi nyingine. Katika Uislamu, mwili unapodhoofika ibada hujipinda kuufuata: asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala na kuashiria. Sala ya Ijumaa haimlazimu mgonjwa wala mwanamke. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidya kwa kumlisha maskini kwa kila siku aliyoikosa. Kwa hiyo bibi Mwislamu wa Koboko ambaye hajakosa sala hata moja tangu ujana wake anaweza kupata alama ya chini kabisa katika swali la kwanza. Hakupungukiwa dini, swali ndilo lililotungwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Katika swali la pili hutokea kinyume chake. Jibu la juu kabisa ni zaidi ya mara moja kwa siku, na kila anayesali sala tano hulifikia bila jasho, awe mtu wa ibada kubwa au wa mazoea tu. Mkristo mzee asiyejua kusoma, au aliyejua kusoma lakini macho yamemwacha, huulizwa juu ya kusoma Biblia. Hapo hojaji hupima macho na shule.

Fidya inahitaji kutazamwa zaidi, kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo makala haya yanalitafuta. Aliyeshindwa kufunga hasamehewi tu kwa kuhurumiwa. Anapewa kazi nyingine, ya kulisha. Udhaifu wake unageuzwa kuwa nafasi ya kutoa. Mzee mwenye shamba au mwenye watoto wanaomletea nafaka huutekeleza wajibu huo na kubaki mtoaji. Mzee fukara hawezi, na sheria humwelewa, lakini sasa amekuwa miongoni mwa wanaolishwa. Dini ni ileile, umri ni uleule, na ustawi wao si mmoja.

Kuna pia tatizo la neno Mungu. Middleton aliandika kwamba Walugbara walimtaja Mwenyezi kwa namna mbili zinazokaribiana: aliye juu, muumba aliye mbali, na Adro aliye karibu, wa mitoni na vichakani, anayeogopwa. Lugha ya Kikristo ya Kilugbara, hata hivyo, imelipokea neno la Kiswahili Mungu na kulitumia sana. Ni fahari kwa Kiswahili, lakini ni mtego kwa mtafsiri wa hojaji. Anayeuliza kwa Kilugbara kama mtu anahisi kuwapo kwa Mungu amekwisha kumpeleka mhojiwa kanisani kabla hajajibu. Akiuliza kuhusu Adro, atakuwa ameuliza swali jingine, na huenda mhojiwa akashangaa mtu anawezaje kuulizwa na mgeni kama amekutana na kitu ambacho watu huomba wasikutane nacho. Majibu ya maswali hayo mawili hayawezi kujumlishwa.

Shirika la Afya Duniani lilijaribu njia pana zaidi. Katika vipimo vyake vya ubora wa maisha, vilivyoanza kuundwa miaka ya 1990, ubora wa maisha ulifafanuliwa kuwa ni jinsi mtu anavyoiona nafasi yake maishani ndani ya utamaduni na maadili anamoishi. Hakuna fasili iliyokaribia ukweli wa Arua kuliko hiyo, kwa kuwa inataja nafasi. Lakini nyongeza maalumu kwa ajili ya wazee iliyotolewa na kundi hilohilo katika miaka ya 2000 ina vipengele sita: hisi za mwili, uhuru wa kujiamulia, shughuli za zamani na za sasa na zijazo, kushiriki katika jamii, kifo, na mahaba ya karibu. Dini haimo, imewekwa katika chombo kingine. Nacho kipengele cha uhuru wa kujiamulia humwona mzee kuwa na hali njema kadiri anavyopanga mambo yake bila kuingiliwa. Mzee wa Kilugbara anayeelezwa na Middleton hakutamani kuachwa ajiamulie. Alitamani wengine wasiamue kabla hawajamsikia.

Neno ustawi lenyewe lingetosha kuwatahadharisha watafsiri. Katika matumizi ya kawaida hustawi mahindi, hustawi migomba, hustawi mji. Ni nadra mtu kumwuliza jirani yake kama amestawi. Humwuliza hali, humwuliza uzima, humwuliza watu wa nyumbani. Mkulima akisema shamba limestawi haangalii mmea mmoja.

3.0 Kitabu kuhusu wazee kisichojiita hivyo

Kitabu cha Middleton, Lugbara Religion, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1960, husomwa katika vyuo kama kitabu cha mizimu na matambiko. Kinaweza kusomwa pia, na pengine kwa faida kubwa zaidi, kama kitabu kuhusu kuzeeka. Mwandishi alikaa na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sehemu yenye nguvu zaidi ya kazi yake hufuatilia ukoo mmoja ambao mzee wake alikuwa anadhoofika huku waliomfuata wakipimana nguvu nani atashika nafasi yake. Silaha yao ilikuwa ibada.

Utaratibu anaoueleza ni huu. Mzee ndiye aliyetunza vibanda vya mizimu ya ukoo. Kijana au ndugu mdogo alipomvunjia heshima, mzee hakulazimika kusema lolote. Aliketi karibu na vibanda vyake na kunung’unika moyoni, mizimu ikasikia, na mkosaji akaugua. Ramli ilieleza ugonjwa umetoka kwa nani. Mgonjwa alipopona, mnyama aliyewekwa nadhiri alichinjwa, watu wa ukoo wakakusanyika, maneno yaliyofichwa yakasemwa, nyama ikagawiwa kwa utaratibu unaojulikana. Kwa macho ya mtafiti wa ustawi, hapa pana kila kitu kinachotafutwa: mzee ana wageni, ana chakula, anasikilizwa, ana sababu ya kuamka asubuhi. Vyote hivyo vimempata kwa sababu ugonjwa wa mtu mwingine umekubaliwa kuwa ni jambo lake.

Lakini nguvu hiyo haikuwa mali ya mzee peke yake, na hapa ndipo Middleton anapowapita waundaji wa hojaji. Mzee hakuweza kujithibitishia. Ilibidi ramli imtaje, ilibidi vijana wakubali kuja, ilibidi mgonjwa apone. Mzee aliyenung’unika na asitajwe alikuwa ameonekana na wote kuwa hana tena uzito. Uzima wake wa kiroho uliwekwa rehani mikononi mwa watu waliomzidi ujana.

Jambo la pili ni zito zaidi, na limo katika neno moja. Walugbara, kwa maelezo ya Middleton, waliita ole ule uchungu wa mzee unaoamsha mizimu. Neno hilohilo lilitaja pia wivu wa mchawi. Mzee anayeadhibu kwa ajili ya amani ya ukoo na mchawi anayedhuru kwa husuda walisukumwa na hisia yenye jina moja. Kilichowatofautisha ni hukumu ya watu: je, alifanya kwa ajili yetu, au kwa ajili yake mwenyewe? Na mzee aliyeitumia nguvu hiyo mara nyingi mno alianza kusemwa pembeni kuwa ni mchawi. Kwa hiyo ngazi iliyompandisha mzee ilikuwa ndiyo ileile ya kumshushia, na hakuna aliyejua mapema ipi itakuwa ipi.

Upungufu wa kitabu unajulikana. Middleton aliandika akiwa ameketi upande wa wanaume wakubwa, na alijali mamlaka kuliko hisia. Haulizi kama wazee wake walikuwa na furaha. Wanawake wazee huonekana hasa wanapokuwa waganga wa kupiga bao, kisha hutoweka. Misheni, ambazo wakati huo zilikuwa zimekaa Arua zaidi ya miaka thelathini, kwa kuwa Africa Inland Mission ilifika mwaka 1918 na Wakomboni wakafuata, haziko katikati ya picha yake. Mtu anayetaka kutumia kitabu hiki leo hana budi kuyajaza mapengo hayo mwenyewe. Hata hivyo, ni afadhali kitabu chenye mapengo yanayoonekana kuliko kipimo ambacho mapengo yake yamefunikwa kwa tarakimu.

4.0 Kizazi kilichosubiri zamu

Mtu aliyetimiza miaka 80 ruzuku ilipoenezwa mwaka 2020 alizaliwa mwaka 1940 au kabla yake. Alikuwa na miaka ipatayo 31 Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko, alipotwaa serikali Januari 1971. Alikuwa na miaka 39 Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Katika dunia ya Middleton huo ndio umri wa mtu anayesubiri: si kijana tena, vibanda bado viko mikononi mwa mkubwa wake, na siku yake inakuja.

Siku hiyo haikuja kwa namna iliyotarajiwa. Kuanzia Oktoba 1980 jeshi jipya la serikali lililipiza kisasi katika West Nile, na sehemu kubwa ya watu wa Arua na Koboko walivuka mipaka kwenda Sudan na Zaire, wengine kwa miaka mingi. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari humohumo walimodhani wamesalimika. Mark Leopold, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu eneo hili, ameonyesha jinsi historia ya ukatili ilivyogeuzwa kuwa sifa ya watu wenyewe, kana kwamba walizaliwa nayo.

Kwa mada iliyopo, ukimbizi ulifanya kitu mahususi. Kibanda cha mizimu husimama katika boma, na boma haliwezi kubebwa kichwani. Waliozeeka ukimbizini walizeeka mbali na mahali ambapo manung’uniko yao yangesikika, na baadhi yao wakazikwa huko. Kazi za kanisa na msikiti, kwa upande mwingine, husafiri. Katekista huhitaji watu na kumbukumbu; imamu huhitaji mahali safi na mwelekeo wa kibla. Tena kazi hizo hazikufuata mlango wa kuzaliwa. Mkakwa wa Koboko, Silvanus Wani, alikwisha kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda mwaka 1977, baada ya kuuawa kwa Janani Luwum. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika West Nile mwishoni mwa miaka ya 1940, ulikuwa umekwisha kufundisha kwamba yeyote aliyeokoka, mwanamke au kijana, anaweza kusimama na kushuhudia mbele ya wakubwa wake. Kwa hiyo waliporudi nyumbani, waliosubiri zamu waliikuta zamu imehama. Aliyekuwa na daraja katika kanisa au msikiti alikuwa mzee. Aliyekuwa na umri tu alikuwa na umri tu. Tasnifu ya Elizabeth Storer ya Chuo cha London School of Economics (2020), ambayo kwa makusudi imerudia jina la kitabu cha Middleton, inafaa kusomwa pamoja na kitabu hicho kwa sababu inachunguza jinsi watu wa West Nile walivyotafuta kuponya mahusiano yao baada ya vita hivyo.

Miezi ya kufungwa kwa nyumba za ibada nchini Uganda, kuanzia Machi 2020, ilitoa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulipanga. Kwa kipimo cha mahudhurio, kila mtu alikuwa sifuri. Zilipofunguliwa Septemba kwa kikomo cha watu 70, kila kanisa lililazimika kuamua nani ni miongoni mwa sabini hao. Orodha hizo, kama zingehifadhiwa, zingetufunza zaidi ya hojaji elfu moja ni wazee gani ambao ibada haiwezi kufanyika bila wao na ni wapi ambao wanaweza kuambiwa wasikilize redio.

5.0 Wasio na kazi

Inabaki nusu ya pili ya hoja, ambayo tafiti za dini na ustawi huipita haraka. Ikiwa dini humnufaisha mzee kupitia kazi, humfanyia nini asiye na kazi? Jibu la haraka ni kwamba humfariji, na si jibu la uongo. Mgonjwa aliyeletewa komunyo nyumbani, au aliyetembelewa na waumini wenzake Alhamisi mchana, anajua thamani ya mlango uliobishwa. Lakini mantiki ya ole haikufa pamoja na vibanda. Tim Allen na Kyla Reid (2015), wakiandika kuhusu kaskazini mwa Uganda, na Storer baada yao kuhusu West Nile, wameonyesha kwamba tuhuma za uchawi na za sumu bado zina nguvu, na kwamba wanawake huangukiwa nazo kwa urahisi. Mjane aliyeolewa kutoka ukoo mwingine, aliyebaki peke yake katika boma la marehemu mumewe, ana uchungu ambao kila mtu anaweza kuukisia. Hana cheo cha kuufanya uchungu huo uitwe haki. Mtoto wa jirani akiugua, swali la zamani huulizwa upya.

Kiswahili hakina haki ya kujitenga na jambo hili. Mwanamume akizeeka anaitwa mzee, neno la heshima. Mwanamke akizeeka anaitwa bibi akiwa na wajukuu; asipokuwa nao, yapo kikongwe na ajuza, na msomaji yeyote wa ngano zetu anajua ajuza anayekaa peke yake pembezoni mwa kijiji hutuhumiwa nini. Mtafsiri anayeandika wazee juu ya hojaji amekwisha kumwita mbele mwanamume.

Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, inazitaka nchi wanachama ziwalinde wazee dhidi ya mila zenye madhara, zikiwamo tuhuma za uchawi. Sheria peke yake haimpi mtu nafasi. Makanisa yana vyama vinavyoweza kumpa, lakini navyo vina milango. Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana, ulioasisiwa Uingereza mwaka 1876, kihistoria umejengwa juu ya ndoa ya kanisani. Aliyeolewa kwa mahari ya ng’ombe na mbuzi pekee, na mume akafa kabla ya harusi ya kanisani kupatikana, amefiwa na njia ya kuingia pia. Hili si kosa la chama fulani cha Arua. Ni mfano wa jinsi kanuni iliyotungwa kulinda ndoa inavyoweza, miaka mingi baadaye na mbali sana, kumwacha nje mwanamke aliyeihitaji kazi hiyo kuliko wote.

Maswali bora yanawezekana, tena kwa Kiswahili chepesi ambacho hakihitaji kamati ya istilahi. Katika mwezi uliopita, nani alikuja kukuomba umwombee? Usipofika ibadani, nani hutambua, naye hufanya nini? Je, kuna jambo nyumbani kwenu ambalo halianzi mpaka uwe umesema neno? Mtu akiugua karibu nawe, watu hukujia au hukukwepa? La mwisho ni gumu kuuliza, na mwulizaji asiye na adabu ya mahali pale asilijaribu. Lakini bila hilo, tatu za kwanza huleta picha ya nusu ya wazee.

Chukua wawili wa kudhania. Mmoja ni katekista mstaafu wa kigango kimoja nje ya Arua, mguu umemshinda, hajafika kanisani tangu mvua zilizopita. Kila jioni vijana wa kwaya hupita kwake kumuuliza zaburi ya Jumapili inaimbwa kwa sauti ipi. Mwingine ni mjane wa Koboko mwenye miguu mizima, anayefika ibadani kila wiki, akaketi nyuma karibu na mlango, na kuondoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Katika faharasa ya Duke, kwa swali la kwanza, mjane amempita katekista mbali sana.